Kutoka Achères hadi Maranello: Historia ya Umeme katika Magari ya Spoti

Mjadala kuhusu mustakabali wa magari ya spoti huendeshwa mara nyingi kana kwamba umeme ni mgeni aliyebisha hodi juzi katika nyumba iliyojengwa na petroli, na kwamba lililobaki ni kusubiri kuona kama wenye nyumba watamkaribisha au watamfungia mlango. Kumbukumbu za mashindano ya magari zinaonyesha kinyume. Gari la spoti, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni gari lililoundwa kwanza kwa ajili ya raha ya kuliendesha, likapewa mwendo, wepesi wa kukata kona na umbo la kupasua upepo, huku nafasi ya abiria na mizigo ikifikiriwa baadaye. Na kwa kipimo cha mwendo peke yake, umeme uliitangulia petroli tangu karne ya 19. Kilichoushinda umeme ni uzito, na uzito huohuo ndio unaowasumbua mafundi wa leo, ingawa sasa umejificha nyuma ya takwimu zinazovutia macho zaidi.

Ushahidi wa awali unapatikana Achères, karibu na Paris, ambako palikuwa na kipande cha barabara kilichonyooka vya kutosha kupimia kasi. Tarehe 18 Desemba 1898, Mfaransa Gaston de Chasseloup-Laubat, akiendesha gari la umeme la kiwanda cha Jeantaud, alikata kilometa moja kwa sekunde 57, sawa na mwendo wa kilometa 63.15 kwa saa, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa rekodi ya kwanza ya kasi ya gari nchi kavu. Mhandisi wa Kibelgiji Camille Jenatzy, aliyekuwa na biashara ya magari ya umeme na ambaye ndevu zake nyekundu zilimpatia jina la Shetani Mwekundu, hakukubali kuachwa nyuma, na katika miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka 1899 wawili hao walinyang'anyana rekodi hiyo mara kadhaa, hadi Chasseloup-Laubat alipoifikisha kilometa 92.78 mwezi Machi. Tarehe 29 Aprili 1899 Jenatzy alirudi na gari alilolibuni kwa kazi hiyo moja tu, lililoitwa La Jamais Contente, maana yake Asiyeridhika Kamwe, akaikata kilometa kwa sekunde 34. Mwendo wake ulikuwa kilometa 105.88 kwa saa, na kwa mara ya kwanza chombo cha barabarani kikawa kimevuka kilometa 100.

Gari hilo linastahili kutazamwa kwa karibu. Bodi yake ilichongoka mbele na nyuma mfano wa kombora, ikafinyangwa kwa bati la aloi nyepesi ya alumini. Matairi yake ya Michelin yalijazwa upepo katika zama ambazo magari mengi bado yalitembelea mpira mgumu. Na mota zake mbili, zenye jumla ya nguvu ya takriban kilowati 50, zilizungusha ekseli ya nyuma moja kwa moja, bila giaboksi wala mnyororo wa kupunguza nguvu njiani. Juu ya umbo hilo lililobuniwa kuukwepa upepo aliketi dereva mwenyewe, kiwiliwili chote kikiwa nje kama cha mpanda punda aliyekaa juu ya shehena, kiasi kwamba sehemu kubwa ya faida ya umbo ilipotea kwenye kifua chake. Ndani zilipangwa betri za risasi, na gari zima, ambalo kwa macho lilionekana dogo kama mtumbwi, lilikuwa na uzito wa karibu tani moja na nusu.

Hapo ndipo kisa kilipo. Kilowati-saa ni kiasi cha nishati kinachotumiwa na chombo cha kilowati moja, tuseme pasi ya umeme, kikiwaka kwa saa nzima. Kilo moja ya petroli hubeba takriban kilowati-saa 12, ilhali kilo moja ya betri ya risasi, hata zile zinazotengenezwa leo, hubeba chini ya sehemu moja ya ishirini ya kilowati-saa moja. Ni kweli kwamba injini ya mwako wa ndani, yaani injini inayochoma mafuta ndani ya silinda zake, hupoteza takriban theluthi mbili ya nishati hiyo kama joto na moshi, na mota ya umeme hupoteza kidogo sana, lakini pengo lilikuwa kubwa mno kuzibwa na tofauti hiyo. Kwa kilometa moja ya Achères betri zilitosha. Kwa safari ya kutoka mji mmoja hadi mwingine zilikuwa mzigo unaojibeba wenyewe.

Ferdinand Porsche, ambaye jina lake lingekuja kuwa nembo ya magari ya spoti ya petroli, alikutana na ukuta huohuo akiwa kijana wa miaka 24. Gari alilolibunia kiwanda cha Lohner cha Vienna, lililoonyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, lilikuwa na mota ndani ya vitovu vya magurudumu ya mbele, mpangilio ambao wahandisi wa karne ya 21 bado wanaurejea, na betri yake ilikuwa na uzito wa kilo 410. Porsche hakukawia kuongeza injini ndogo ya petroli ya kuzalisha umeme ndani ya gari, na hivyo akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuunda gari mseto, yaani lenye kutumia petroli na umeme kwa pamoja. Jenatzy naye alihama. Mwaka 1903 alishinda Kombe la Gordon Bennett nchini Ireland, mashindano ya zaidi ya kilometa 500 kwa siku moja, akiwa kwenye usukani wa Mercedes ya petroli. Mtu aliyekuwa ameuthibitishia ulimwengu kasi ya umeme ndiye aliyeonyesha, miaka minne tu baadaye, kwamba kasi isiyodumu haimfikishi mtu mbali. Pigo la mwisho lilitoka kwa umeme wenyewe, kwani mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yenye staata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na kero ya kuzungusha injini kwa hendeli, iliyokuwa imewafanya matajiri wengi wa mijini kupendelea magari ya betri, ikaisha.

Miongo iliyofuata haina mengi ya kusimuliwa. Umeme ulibaki kwenye magari ya kugawa maziwa nchini Uingereza na mashine za kunyanyulia mizigo maghalani, huku gari la spoti likijengewa utamaduni mzima kuzunguka injini: mngurumo, harufu ya mafuta, mkono kwenye gia na mguu kwenye klachi. Hata Kiswahili kilichukua upande, kwani dereva anayeongeza mwendo husemwa kuwa anakanyaga mafuta, na msemo huo hauelekei kufutika kwa sababu tu tangi limeondolewa.

Mabadiliko yalipokuja hayakutoka kwenye viwanda vya magari. Yalitoka kwa watengenezaji wa kamera, simu na kompyuta, waliohitaji betri nyepesi, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ikawa ya kwanza kuuza betri za lithiamu-ioni, ambamo lithiamu huhama kati ya ncha mbili za betri kila inapochajiwa na kutumiwa. Msingi wake wa kisayansi uliwekwa na Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Uzito wa kubeba kiasi kilekile cha nishati ulipungua mara kadhaa, ingawa kwa muda wa zaidi ya miaka kumi hakuna kiwanda kikubwa cha magari kilichoona kwamba betri hizo za kompyuta zingeweza kusukuma gari la spoti.

Walioona ni mafundi wachache wa California. Alan Cocconi, mhandisi aliyeshiriki kuunda gari la majaribio la umeme la General Motors lililoitwa Impact, alianzisha pamoja na wenzake kampuni ndogo ya AC Propulsion, ambayo mwaka 1997 ilionyesha gari la viti viwili la tzero likiwa bado na betri za risasi. Mwaka 2003 gari hilo lilibadilishiwa betri, likafungwa seli zipatazo 6,800 za aina ya kompyuta ya mkononi, kila moja ikiwa na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, na likawa jepesi na la haraka kuliko lilivyokuwa. Martin Eberhard, mmoja wa waliochangia fedha za jaribio hilo, alitaka liuzwe kwa umma. Wenye kampuni hawakuwa na hamu hiyo, na katika mwaka huohuo yeye na Marc Tarpenning wakaanzisha Tesla, ambayo Elon Musk alijiunga nayo kama mwekezaji mkuu mwaka 2004.

Tesla Roadster ilianza kuwafikia wanunuzi mwaka 2008. Chasi yake ilitokana na ya Lotus Elise na iliunganishwa Hethel, nchini Uingereza, katika kiwanda cha kampuni ambayo mwasisi wake, Colin Chapman, alisifika kwa kuhubiri kwamba gari zuri ni jepesi. Ndani ya kigari hicho, nyuma ya viti, liliwekwa sanduku la betri la kilo 450 lenye seli 6,831. Giaboksi ya gia mbili iliyokusudiwa awali ilishindwa kuhimili nguvu ya mota, ambayo tofauti na injini hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha gurudumu tangu gari likiwa limesimama, na hatimaye gari likauzwa na gia moja tu. Zipatazo 2,450 ziliuzwa kabla ya uzalishaji kusitishwa. Kwa hesabu ya biashara idadi hiyo ni ndogo, lakini Roadster ilivunja dhana kwamba gari la umeme lazima liwe la mtu anayejinyima, na hakuna gari jingine la zama hizi linaloweza kudai sifa hiyo kwa uhalali zaidi.

Hatua iliyofuata ilitokea Kroatia, nchi isiyokuwa na viwanda vya magari vya kutajika. Mate Rimac, kijana aliyekuwa na BMW ya mwaka 1984, aliunguza injini yake mashindanoni na badala ya kuitafutia nyingine akafunga mota ya umeme. Mwaka 2009 alianzisha kampuni, na gari lake la Nevera, lililopewa jina la dhoruba ya pwani ya Adriatiki, lina mota nne zenye jumla ya nguvu za farasi 1,914. Kwa kuwa kila gurudumu lina mota yake, kompyuta inaweza kuongeza au kupunguza nguvu ya gurudumu moja mara nyingi ndani ya sekunde, na gari la zaidi ya tani mbili likakata kona kana kwamba si zito. Mwaka 2023, katika uwanja wa majaribio wa Papenburg nchini Ujerumani, Nevera lilivunja rekodi 23 kwa siku moja, ikiwamo ya kutoka kusimama hadi kilometa 400 kwa saa na kusimama tena kwa sekunde 29.93.

Hata hivyo, onyesho lililofafanua vizuri zaidi nguvu na udhaifu wa umeme lilikuwa la mlimani. Mbio za Pikes Peak, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, hupanda kilometa 19.99 zenye kona 156 hadi kilele cha meta 4,302, kimo kinachokaribia kile cha Mlima Meru. Kwa urefu huo hewa ni nyembamba, na injini, ambayo inahitaji oksijeni ili kuchoma mafuta, hupoteza takriban theluthi ya nguvu zake isiposaidiwa na turbo, kifaa cha kushindilia hewa ndani ya silinda. Mota haivuti pumzi. Tarehe 24 Juni 2018, Mfaransa Romain Dumas aliipandisha Volkswagen ID.R hadi kileleni kwa dakika 7 na sekunde 57.148, na rekodi ya Peugeot ya petroli iliyowekwa na Sébastien Loeb mwaka 2013 ikaondolewa kwa zaidi ya sekunde 16. Siri ya ushindi ilikuwa kubeba betri ya kutosha kupanda mara moja tu, ili gari pamoja na dereva lisifike kilo 1,100. Kwa maneno mengine, umeme ulishinda pale ulipoachwa ufanye kama ulivyofanya Achères: kazi fupi, mzigo mdogo. Kazi ilipokuwa ndefu zaidi haikuwa hivyo: katika mbio za magari ya umeme za Formula E, zilizoanza Beijing mwaka 2014, madereva walilazimika hadi mwaka 2018 kuingia kituoni katikati ya mashindano, kuruka kutoka gari lililoishiwa chaji na kujifunga mikanda ndani ya jingine.

Tangu hapo kasi imekuwa bidhaa ya kawaida, na pengine hilo ndilo jambo ambalo viwanda vikongwe havikulitarajia. Mwaka 2025 Xiaomi, kampuni ya China inayofahamika kwa simu, ilizungusha SU7 Ultra, gari la milango minne linalouzwa China kwa takriban yuani 530,000, kwenye barabara ya Nürburgring yenye kilometa 20.8 kwa dakika 7 na sekunde 4.957, muda ambao zamani ulikuwa wa magari ya gharama kubwa yasiyo na nafasi hata ya begi. Septemba ya mwaka huohuo Yangwang U9 Xtreme, gari la kampuni ya BYD, lilifikia kilometa 496.22 kwa saa huko Papenburg na kuipita Bugatti ya petroli iliyokuwa imefikia 490.48 mwaka 2019. Kinachoweza kununuliwa na mtu yeyote mwenye fedha za wastani wa tabaka la juu hakiwezi tena kuwa ndicho kinachouza gari la mamilioni.

Gari hilo la BYD lina jambo jingine linalowagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Betri nyingi za magari ya spoti hutumia mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti kwa sababu hubeba nishati nyingi kwa uzito mdogo, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika ukanda wa Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya machimboni na sokoni. Wachimbaji wadogo wa ukanda huo hushuka mashimoni kwa kamba na tochi ya kichwani, na madini wanayoyapandisha kwa magunia huuzwa kwa vituo vya ununuzi kandokando ya barabara. Betri ya U9, kwa upande wake, ni ya chuma na fosfeti, isiyo na kobalti hata chembe. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba aina hiyo ni nzito mno kwa magari ya kasi na inafaa teksi na mabasi. Kama imani hiyo itaendelea kuporomoka, hesabu za Kolwezi zitabadilika, na waliokuwa wakishutumiwa kwa kununua kobalti ya jasho la maskini wataondoka bila kuwaachia maskini hao kazi nyingine.

Sheria nazo zimekwenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliidhinisha kwamba kuanzia 2035 magari mapya yasitoe kabisa hewa ya ukaa, baada ya Ujerumani kudai ufafanuzi kuhusu mafuta ya kutengenezwa kiwandani kwa haidrojeni na hewa ya ukaa, aina ambayo Porsche imeshirikiana kuijaribu karibu na Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile. Desemba 2025 Kamisheni ya Ulaya ikapendekeza kulegeza sharti hilo hadi punguzo la asilimia 90. Viwanda vilikuwa vimeshaanza kurudi nyuma bila kungoja sheria. Porsche, iliyotoa Taycan ya umeme wa volti 800 mwaka 2019 na kutangaza mwaka 2022 kwamba ifikapo 2030 zaidi ya asilimia 80 ya magari yake yatakuwa ya umeme, imelegeza lengo hilo. Mate Rimac, ambaye sasa anaongoza pia Bugatti, alikiri mwaka 2024 kwamba wanunuzi wa magari ya kiwango chake hawautaki umeme, na gari jipya la Bugatti, Tourbillon, likazinduliwa likiwa mseto wenye injini ya silinda 16. Si jambo dogo kwamba aliyefanya hivyo ni mtu aliyejipatia jina kwa kuing'oa injini garini.

Wanachokitaka wanunuzi hao ni kigumu kukipima kuliko kasi. Hyundai, katika Ioniq 5 N ya mwaka 2023, ilijaribu kukiiga: kompyuta huigiza gia nane ambazo hazipo, hulitikisa gari kidogo kila gia ya kuigizwa inapobadilishwa, na spika hutoa mngurumo wa injini isiyokuwepo. Madereva wengi waliocheka walipoisoma habari hiyo waliacha kucheka walipoliendesha, kwa sababu mlio na mtikisiko humweleza dereva kasi aliyonayo kabla hajaangalia dashibodi. Ferrari imekwenda njia nyingine. Oktoba 2025, huko Maranello, makao yake nchini Italia, ilionyesha chasi na mota za gari lake la kwanza la umeme, lenye betri ya kilowati-saa 122 na uzito wa takriban kilo 2,300, na ikaeleza kwamba kihisio kilichofungwa kwenye ekseli ya nyuma hunasa mtetemo halisi wa mota na kuukuza, kama gitaa la solo la bendi ya dansi ambalo nyuzi zake hazisikiki hadi zipitishwe kwenye amplifaya. Siku hiyohiyo kampuni ilitangaza kwamba magari ya umeme yatakuwa asilimia 20 ya aina zake ifikapo 2030, badala ya asilimia 40 iliyoahidiwa mwaka 2022.

Lipo suala la mwisho ambalo wakusanyaji wa magari hulizungumza zaidi kuliko viwanda, nalo ni uzee. Ferrari 250 GTO, iliyotengenezwa 36 tu mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliuzwa mnadani mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48 kwa sababu, pamoja na mengine, fundi hodari anaweza bado kuifungua injini yake, kuchonga upya kilicholika na kuirudisha barabarani. Betri huzeeka hata ikiwa imeegeshwa, na wengi wamehitimisha kwamba gari la spoti la umeme litakuwa sanduku tupu baada ya miaka ishirini. Roadster imewapinga kwa namna isiyotarajiwa. Desemba 2014 Tesla ilitangaza betri mpya kwa wenye magari hayo ya zamani, yenye ukubwa uleule wa sanduku la awali lakini seli bora, na nishati ikaongezeka kwa takriban asilimia 31. Gari lililouzwa mwaka 2008 likatoka karakana likiwa na uwezo wa kwenda mbali kuliko siku lilipokuwa jipya.